Kusoma Bila Mtihani: Chama cha Wastaafu wa Chuo Kikuu na Fasihi ya Nyeri

Utangulizi

Katika uhakiki wetu wa fasihi mtunzi amepewa nafasi kubwa, kazi yenyewe imepewa nafasi kubwa zaidi, lakini msomaji ametajwa kwa kupita tu. Tunapoandika kwamba "msomaji ataona", mara nyingi tuna maana ya mwanafunzi aliyeketi peke yake na kitabu kilichowekwa katika silabasi, akijitayarisha kujibu maswali. Makala haya yanakusudia kumwangalia msomaji wa namna nyingine: mtu aliyestaafu kazi ya chuo kikuu, akarejea Nyeri, Karatina, Kerugoya, Embu, Meru au Nanyuki, na ambaye akiungana na wenzake kusoma kitabu hana mtihani wa kufanya wala wa kusahihisha. Swali letu ni hili: chama cha wasomaji wa namna hiyo kisome nini, kwa lugha gani, na kwa njia gani, ili faida yake iifikie fasihi na isiishie katika kuwapitishia wanachama saa za jioni?

Tutadai kwamba chama cha wastaafu kikiiga darasa la chuo kikuu hakitakuwa na kazi ya maana ya kufanya. Kikifuata desturi ya kusoma ambayo tayari ipo katika nchi ya Mlima Kenya, yaani kusoma kwa sauti mbele ya watu, kinaweza kutimiza kazi ambayo idara zetu hazina uwezo wa kuitimiza peke yao. Mfano wetu mkuu utakuwa maandishi ya Gakaara wa Wanjau wa Karatina.

Mstaafu na mji wake

Nyeri ni mji wa wastaafu tangu zamani, ingawa mstaafu wake aliyetajwa zaidi katika vitabu hakuwa mwenyeji. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, alihamia huko mwaka 1938, akakaa katika nyumba iliyojengwa kwenye uwanja wa Hoteli ya Outspan, akaandika na kuchora hadi alipofariki Januari 1941. Amezikwa Nyeri. Vitabu vyake vya miaka hiyo vilichapishwa London kwa ajili ya wasomaji wa huko. Aliishi Nyeri, lakini mazungumzo yake ya maandishi yalikuwa na watu wa mahali pengine.

Mstaafu wa leo ni mtu mwingine kabisa, lakini hatari ya kuishi mahali pamoja na kuzungumza na mahali pengine haijaondoka. Vyuo vikuu vya umma vya eneo hili ni vya karibuni. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kilipata hati yake Desemba 2012, Chuka na Karatina mwaka 2013, Embu na Kirinyaga mwaka 2016. Kwa hiyo wazaliwa wa miji hii waliofanya kazi katika vyuo vikuu vya umma miaka ya 1970 na 1980 waliifanya Nairobi, na baadaye Eldoret au Njoro, mbali na kwao. Anayerejea baada ya miaka thelathini na zaidi huja na maktaba yake, mazoea yake ya kusoma, na Kiingereza chake cha kazini. Mambo hayo yote ni mali, lakini hayatoshi kumfungulia mlango wa fasihi ya mahali alipozaliwa.

Tena mstaafu wa chuo kikuu si profesa peke yake. Kuna mtunza maktaba aliyejua kila kitabu kilipo, mpiga taipu aliyepitisha tasnifu nyingi mikononi mwake kuliko msimamizi yeyote, karani wa masjala, dereva, mpishi wa bwenini. Walipokuwa kazini cheo kiliwatenga: hawakunywa chai katika chumba kimoja, sembuse kuhakiki kitabu kimoja. Kustaafu kumewaondolea cheo, lakini hakukuwaondolea mazoea ya cheo. Chama kinachowakusanya wote hao kina deni la kwanza la kulipa hapo.

Katika nchi nyingine jambo hili limejaribiwa kwa njia mbili. Huko Ufaransa, mwaka 1973, Pierre Vellas alianzisha katika Chuo Kikuu cha Toulouse masomo ya watu wa umri mkubwa, na wahadhiri wa chuo ndio waliofundisha. Mpango huo ulipofika Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980 uligeuzwa: wanachama wenyewe wakawa walimu na wanafunzi kwa zamu, bila ya vyeti wala mitihani. Tofauti ya njia hizi mbili ina uzito kwetu. Njia ya kwanza hukirefusha chuo kikuu hadi uzeeni, ilhali ya pili hukiri kwamba kila aliyekuja barazani amekuja na elimu yake. Madai ya makala haya ni kwamba ile ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na desturi za Mlima Kenya, ingawa si Uingereza iliyozifundisha.

Msomaji wa mtihani

Wahadhiri wanaostaafu sasa ni wana wa mageuzi ya Nairobi. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu ivunjwe, na fasihi ya Kiafrika, pamoja na fasihi simulizi, iwekwe katikati ya masomo. Hapana shaka kwamba mageuzi hayo yalibadilisha orodha ya vitabu. Hata hivyo, namna ya kusoma haikubadilika kwa kadiri hiyo. Hadithi ya bibi iliingia darasani, ikaandikwa, ikachambuliwa, kisha ikaulizwa swali katika karatasi ya mtihani. Fasihi simulizi ilisomwa kimya.

Mtihani una mantiki yake. Unadai jibu moja lililopangwa, unadai maudhui yaorodheshwe na fani iorodheshwe, na unadai "msimamo wa mwandishi" utajwe kwa sentensi moja. Hatusemi kwamba zana hizi hazina kazi. Bila ya hizo tusingeweza kufundisha wanafunzi mia katika ukumbi mmoja. Tunasema tu kwamba zilitengenezwa kwa haja ya kusahihisha. Mstaafu hana haja hiyo tena. Akiendelea kuzitumia kwa mazoea, chama chake kitakuwa semina isiyokuwa na alama, ambamo profesa husema kwanza na mpiga taipu huitikia.

Kitabu kilichosomwa kwa sauti

Ushahidi wa namna nyingine ya kusoma tunao karibu. Riwaya ya Ngũgĩ Caitaani Mũtharaba-inĩ, aliyoiandika kizuizini Kamiti mwaka 1978, ilitoka kwa Kigikuyu mwaka 1980. Mwandishi mwenyewe ameeleza baadaye jinsi ilivyopokewa: familia zilikusanyika jioni na mmoja akasoma, wafanyakazi walisomeana wakati wa mapumziko ya mchana, na katika vilabu vya pombe alitokea msomaji aliyesimama mahali patamu mpaka glasi yake ijazwe tena. Jambo la kuzingatia kwa mhakiki ni kwamba watu hao hawakungoja kufundishwa jinsi ya kusoma riwaya. Waliichukua fani ngeni wakaiweka katika kikao walichokuwa nacho tayari, kikao cha ngano na mazungumzo, na humo wakaihakiki: wakacheka, wakapinga, wakamtambua tajiri fulani wa kwao katika mhusika fulani.

Kwa hiyo chama cha kusoma hakiji Nyeri kama kitu kipya kutoka ng'ambo. Kilichokuwa kipya mwaka 1980 kilikuwa kitabu. Kikao kilikuwa cha zamani. Wastaafu wa chuo kikuu ndio hasa watu waliokosa kikao hicho, kwa sababu wakati huo walikuwa mjini wakikisoma kitabu kimya.

Gakaara na maandishi yanayohitaji wasikilizaji

Gakaara wa Wanjau alizaliwa Tumutumu mwaka 1921, akafariki mwaka 2001. Alikuwa askari wa King's African Rifles wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kisha akawa mwandishi na mchapishaji, na kiwanda chake cha uchapaji kilikuwa Karatina. Alikamatwa Oktoba 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa, akakaa kizuizini kwa miaka mingi. Shajara yake ya kizuizini, Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ, ilichapishwa mwaka 1983, na mwaka 1984 ikapata Tuzo ya Noma kwa pamoja na kitabu cha Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1988.

Mhakiki wa mtihani akiishika shajara hii hupata taabu. Haina msuko kama wa riwaya, imejaa majina ya watu na ya mahali, na haielezi kila linalotajwa. Ni rahisi kuamua kwamba ina thamani ya kihistoria lakini ni dhaifu kwa fani. Sisi tunaona kwamba uamuzi huo unatokana na kukosea mahali pa kuisomea. Shajara iliyoandikwa kwa kujificha haiwezi kujieleza. Hukata neno kwa hofu ya kukamatwa, na humtegemea msomaji anayejua yaliyokatwa. Majina yaliyo kikwazo kwa mwanafunzi wa Nairobi ni milango kwa mzee wa Mathira. Likisomwa jina kwa sauti Karatina, huenda mmoja wa waliokaa akasema huyo alikuwa wa ukoo gani, shamba lake lilikuwa wapi, na lilichukuliwa na nani alipokuwa kizuizini. Katika kazi ya namna hii wasikilizaji ni sehemu ya fani.

Na hapa ndipo tunapofikia jambo la haraka. Kuanzia Juni 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha zaidi ya watu milioni moja wa nchi ya Mlima Kenya na kuwaweka katika vijiji zaidi ya 800 vilivyolindwa. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 8 wakati ule sasa anakaribia 80. Huyo ndiye mstaafu tunayemzungumzia, awe alikuwa profesa au mpishi. Kitabu kitabaki, Noma na maktaba zimekwisha kukihifadhi. Asiyehifadhiwa ni msomaji anayeweza kukikamilisha. Kila mwaka unaopita shajara hii inazidi kuwa bubu, ingawa hakuna ukurasa wake uliopotea.

Iko pia tatizo la maadili ambalo mtihani hauliwezi. Gakaara aliyeandika kwa ukali dhidi ya ukoloni ndiye yule aliyeandika, alipokuwa katika kambi ya Athi River, tamthilia kwa ajili ya mpango wa wakoloni wa "kuwarekebisha" wafungwa. Je, alisalimu amri, au alijikinga, au alifanya yote mawili? Sentensi moja juu ya "msimamo wa mwandishi" haitoshi. Chama cha Nyeri kitakuwa na watoto wa waliokaa kizuizini na watoto wa walinzi wa serikali, pengine katika benchi moja. Wao wanajua kwamba watu walikula viapo na wakaungama, na kwamba kuungama kwingine kulikuwa kwa mdomo tu. Uhakiki wao wa tamthilia hiyo hautakuwa mtulivu, lakini utakuwa na ujuzi ambao hatuwezi kuupata katika tasnifu.

Kesi ya Kimathi mara mbili

Mfano wa pili utusaidie kuonyesha kwamba hatuzungumzii kazi moja tu. Dedan Kimathi alihukumiwa Nyeri Novemba 1956, akanyongwa Februari 1957. Mwaka 1976 Ngũgĩ na Mĩcere Gĩthae Mũgo, mzaliwa wa Kirinyaga, walitoa tamthilia yao The Trial of Dedan Kimathi, na tafsiri ya Kiswahili, Mzalendo Kimathi, ilifuata mwaka 1978. Watunzi wenyewe walikwenda Karunaini alikozaliwa Kimathi, wakazungumza na watu waliomjua. Kwa maneno mengine, tamthilia hiyo ilizaliwa barazani kabla ya kufika jukwaani.

Wakati huo kumbukumbu za kesi yenyewe hazikuwa mikononi mwa wasomaji. Mwaka 2017 zilichapishwa katika kitabu kilichohaririwa na Julie MacArthur. Sasa msomaji anaweza kuziweka pamoja mahakama mbili: ile ya jukwaani, ambamo mshtakiwa ndiye anayewahukumu wakoloni, na ile ya karatasi, ambamo maneno ya mshtakiwa yameandikwa kwa lugha ya mahakama. Mhakiki wa mtihani atauliza ipi ni ya kweli. Baraza litauliza swali bora zaidi: katika kila mahakama, ni nani aliyeruhusiwa kusema, na kwa lugha gani? Swali hilo wastaafu waliotumikia ofisi zilizoendeshwa kwa Kiingereza wana haki ya pekee ya kuliuliza.

Namna ya kusoma: funzo kutoka Manda

Linabaki suala la lugha, na bila ya kulikabili chama kitarudi kwenye Kiingereza kwa uvivu tu. Kusema "tusome Kigikuyu" hakutoshi. Katika miji ya mlima wapo Wameru, Waembu, Wambeere, na wapo wafanyakazi wa vyuo waliotoka Kisumu, Machakos au Mombasa wakaoa, wakaolewa na kubaki. Chama cha Kigikuyu kitupu kitawafungia nje wenzao wa kazi wa miaka mingi.

Gakaara mwenyewe anatupa sehemu ya jibu. Mwaka 1948 alitoa kijitabu cha kisiasa, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafirika, nacho alikiandika kwa Kiswahili. Toleo la Kigikuyu, Mageria Nomo Mahota, lilifuata mwaka 1952. Mtu wa Tumutumu alipotaka kusema na Mwafrika, na si na Mgikuyu peke yake, alichagua lugha hii. Historia za fasihi ya Kiswahili, zinazopenda kuanzia pwani na kumalizikia Dar es Salaam, hazina budi kumpa nafasi. Wala chama kisisome kijitabu hicho kwa kusifu tu. Neno "kiume" katika anwani linahitaji kujibiwa na wanawake wa chama, hasa wakikumbuka kwamba mkewe, Shifra Wairire, naye aliwekwa kizuizini. Shajara ya mume inaonyesha ujasiri ambao anwani ya kijitabu haikuupa jina.

Sehemu ya pili ya jibu inatoka mahali ambapo Gakaara hakwenda kwa hiari. Moja ya kambi alizowekwa ilikuwa Takwa, katika kisiwa cha Manda. Ng'ambo ya mlango wa bahari kuna Lamu, mji ambao kwa karne nyingi umekuwa na namna yake ya kusoma pamoja. Katika darasa la msikitini kitabu cha Kiarabu husomwa kwa sauti, kisha mwalimu hukieleza kwa Kiswahili, na wasikilizaji huuliza. Tenzi nazo zilitungwa zisomwe mbele ya watu, si zikodolewe macho chumbani. Mwandishi wa Karatina aliandika shajara yake kwa siri mkabala na mji huo, na hakuweza kuuingia. Sisi twaweza kuukutanisha mji huo na kitabu chake.

Tunapendekeza basi kwamba shajara isomwe kwa Kigikuyu, aya kwa aya, na msomaji mwenye sauti nzuri, bila ya kujali alikuwa na cheo gani; kila aya ifasiriwe papo hapo kwa Kiswahili na mtu mwingine; kisha kikao kiachwe wazi. Karani mmoja aandike yasemwayo: jina lililotambuliwa, neno lililobishaniwa, tafsiri iliyokataliwa na wengi. Mpiga taipu mstaafu anaijua kazi hiyo kuliko sisi wote. Baada ya mwaka mmoja chama kitakuwa na ufafanuzi wa kitabu kutoka kwa watu wanaokijua, na pia rasimu ya tafsiri iliyopimwa kwa masikio.

Pingamizi

Litasemwa, kwanza, kwamba kusoma kwa sauti ni kazi ya polepole. Ni kweli. Lakini haraka ni haja ya muhula, na mstaafu hana muhula. Ni afadhali kitabu kimoja kwa mwaka kilichosikika kuliko kumi na viwili vilivyopitiwa.

Pili, litasemwa kwamba kumbukumbu za wazee hukosea, na kwamba mhakiki hawezi kuzijenga juu ya matini. Nasi tunakubali kwamba kumbukumbu si hati. Ndiyo maana tumetaka mabishano yaandikwe, na si maafikiano tu. Wazee wawili wakitofautiana juu ya aya moja, tofauti yenyewe ni habari juu ya kitabu.

Tatu, na hili ndilo zito, litasemwa kwamba kusoma habari za Hali ya Hatari mbele ya watoto wa pande zote mbili ni kufukua makaburi. Hatuna jibu jepesi. Tunachoweza kusema ni kwamba kitabu kina faida moja ambayo mazungumzo ya bure hayana: kila mtu huweza kurudi kwenye ukurasa. Ugomvi ukianza, msomaji arudie aya. Anayebishana na aya ana nafasi ya kutobishana na jirani.

Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba chama cha wastaafu wa chuo kikuu cha kusoma vitabu kinaweza kuwa chombo cha uhakiki. Idara zetu zina nadharia na maktaba. Hazina wasikilizaji waliokulia katika vijiji vya 1954. Wastaafu wa Nyeri na miji ya mlima wanao, kwa sababu ni wao wenyewe. Wakikaa kama darasa watatoa maoni tuliyokwisha kuyasoma. Wakikaa kama baraza, profesa akimsikiliza dereva na Kiswahili kikiwabeba wote, watatupa sehemu ya kitabu ambayo haikuchapwa.

Wajibu wa idara ni mdogo na unajulikana: kuwapelekea nakala, kumtuma mwanafunzi mmoja akae nyuma asikilize bila ya kufundisha, na kupokea maandishi ya karani kama tunavyopokea makala ya mtaalamu yeyote. Waswahili husema penye wazee haliharibiki neno. Neno hilo huharibika wazee wakiondoka kabla ya kuulizwa.